Kitambaa Kisichofuliwa

4 Machi

Dada,

Nimefika, nimepewa kitanda cha dirishani. Wodi ni ndefu na madirisha yake hayafungwi mchana kutwa, maana Sista anataka upepo upite uchukue pumzi zetu. Tumo wanawake peke yetu, kila mmoja na kikohozi chake. Kifua kikuu cha kawaida watu hutibiwa nyumbani kwao, hiki changu kisichosikia dawa ndicho kinachofungiwa huku. Mtandao haufiki, simu yangu sasa ni saa tu. Barua zitakuja na kurudi na gari la mikate. Dereva amekubali, ila amesema hataki kuulizwa habari za mtu yeyote.

Mwanangu, Bwana Mkubwa wetu, anakula? Analala? Usinifiche chochote, nakuomba. Nilipokukabidhi alikuwa amelala, hakujua kama nimeondoka, na hiyo ndiyo picha niliyobaki nayo, kope zake na ule mdomo ukinyonya hewa.

Sasa sikiliza shida yangu. Kifua kimejaa hadi kimekuwa kigumu kama ubao. Nakamua kwenye bakuli, hakitoki kitu. Nalia, nakamua, nalia. Najua maziwa haya yatamwagwa tu kwenye sinki, huko hayawezi kufika salama. Lakini nisipoyatoa yatakata, na mimi nataka siku nikiachiliwa nishuke kwenye gari, nifungue blauzi, mwanangu anyonye. Baba yake alishatokomea. Ugonjwa umenichukulia nyumba na kazi. Hiki ndicho nilichobaki nacho, kwake na kwangu.

Miaka yote nimefundisha mwili wa binadamu, na homoni nilizipitia mbio kwa sababu haziji kwenye mtihani. Sasa ndizo zinazonifanyia mtihani mimi. Kwenye kunyonyesha zipo mbili, dada. Moja hupika maziwa, ya pili hupakua. Ya kupakua ndiyo inaitwa oksitosini. Hutengenezwa ndani kabisa ya ubongo na kuwekwa kwenye kitezi kidogo kama punje ya njegere, ikae hapo ingoje. Mtoto akishika chuchu, habari hupanda kwa mishipa ya fahamu hadi ubongoni, kitezi huiachia kwenye damu, nayo hukimbia kifuani kubana vifuko vya maziwa. Mapishi yangu yapo. Mpakuaji ndiye hataki kutoka, maana anaogopa hofu, na mimi sasa hivi ni hofu tupu.

Sista anasema si lazima mdomo wa mtoto. Sauti yake inaweza kumtoa, hata harufu yake. Basi nitumie kitambaa unachomfutia mdomo na shingo. Usikifue. Najua ninamwomba nani, wewe ukipewa mawingu utayaloweka. Lakini hiki kifunge kichafu vile vile kwenye mfuko wa nailoni, ukisokomeze kwa dereva.

Msalimie shemeji.

Mdogo wako,
Mwalimu


9 Machi

Mdogo wangu Mwalimu,

Kitambaa hicho hapo. Nimekifunga nikiwa nimegeuza uso pembeni kama mtu anayemtumia mwenzake matusi. Kikianguka njiani mtu akajua kimetoka kwa dobi gani, nimekwisha.

Umesema nisikufiche. Haya, mwanao hali. Chupa anaitema. Nimebadilisha chuchu za mpira, nimeyapasha maziwa ya kopo, nimeyapooza, nimemnywesha kwa kijiko, anafunga mdomo utadhani amedai kitu hajalipwa. Analia mpaka anakuwa wa zambarau. Kliniki wamempima, amepungua, na muuguzi wa pale aliniangalia kama vile hayo maziwa nayanywa mimi. Shemeji yako anajifungia karakanani anapiga randa mbao ambazo hazina kazi, ilimradi asisikie.

Jana nimepiga pasi kwa mkono mmoja, wa pili unamtikisa. Nimeunguza kola ya mzee wa mahakamani, yule anayevaa shati jeupe kila siku ya Mungu. Amelipokea, amelitazama, amelivaa hivyo hivyo, na hilo ndilo baya zaidi.

Mimi naogopa, mdogo wangu. Wangu mwaka jana alitoka kimya. Nilingoja sauti pale kitandani, haikuja. Sasa nina sauti humu ndani asubuhi hadi jioni na kila anapolia naona kama na huyu nampoteza mikononi. Wewe ndiye uliyesoma. Niambie nifanye nini.

Dada yako,
Dobi


16 Machi

Dada, yametoka!

Nilikiweka kitambaa puani, nikafumba macho. Maziwa yaliyochacha, jasho la shingo, na ile harufu ya utosi wake ambayo sina jina lake. Nikahisi kama sindano ndogo ndogo zinakimbia kifuani, tumbo la uzazi nalo likajikunja, maana homoni ni ile ile iliyomsukuma kutoka. Kabla sijashika bakuli gauni limeshalowa. Bibi wa kitanda cha pili akapiga makofi hadi akashikwa na kikohozi, Sista akatugombeza wote wawili. Nilicheka, dada. Nilikuwa nimesahau kwamba uso unafanya hivyo.

Nikayamwaga kwenye sinki nikiyaangalia yanavyozunguka kwenye tundu.

Kuhusu Bwana Mkubwa, fanya hivi. Mvue abaki na nepi. Wewe fungua blauzi umlaze kifuani, ngozi kwa ngozi, ukae kwenye kiti usifanye kitu kingine. Najua kwako kukaa bila kufanya kitu ni adhabu. Oksitosini si ya maziwa pekee. Mtu akikumbatia huja, akikumbatiwa huja, moyo unapunguza mbio na tumbo linatulia. Akitulia atakula. Ukiona haya, funga mlango wa chumba cha pasi.

Najua ninachokuomba, baada ya yale ya mwaka jana. Ningekuwa na mtu mwingine nisingekuomba wewe.

Nimekufungia gauni langu la kulalia. Mtandikie alale juu yake asinisahau. Sista amenihakikishia vidudu hivi husafiri kwa pumzi ya mgonjwa, havipandi nguo, kwa hiyo usiogope. Na usilifue!

Mdogo wako,
Mwalimu


30 Machi

Mwalimu,

Ametulia. Anakula. Makopo usihangaike kuyaulizia tena. Kliniki wamesema ameongezeka.

Gauni limefika, nimeliweka.

Mashuka ya nyumba ya wageni yamenijaa hadi mlangoni, siandiki zaidi. Kitambaa kimo.

Dobi


14 Aprili

Dada yangu,

Barua yako ni fupi kuliko risiti, lakini hiyo "anakula" nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Anakula nini? Umempata kwa chuchu ipi, ile ya mpira laini? Anatabasamu? Anashika vidole? Mbona umeandika kama mtu anayekimbizwa?

Makohozi yangu yamepimwa, vidudu bado vimo. Nisingekuwa na kitambaa chako leo ningepanda juu ya bati nikapige kelele. Nakamua asubuhi, mchana na jioni, na kila mara nakinusa kwanza, kama mtu anayebisha hodi. Hiki cha pili kimeanza kufifia. Nitumie kingine haraka.

Sista ameniazima kitabu. Kinasema mambo ya ajabu kuhusu huyu mpakuaji wetu. Kumbe hashughuliki na kifua tu. Ndani ya ubongo kwenyewe anamfungamanisha mama na mtoto, amjue huyu kati ya wote. Na si mpole kama watu wanavyodhani. Panya jike aliyezaa, jana alikuwa mnyonge, leo panya mgeni akisogelea kiota anamrukia, na wataalamu wanaiona homoni hiyo hiyo imo ndani ya ule ugomvi. Tena haiulizi nani alibeba mimba. Inamfuata anayeshika, anayelisha, anayekaa naye. Kwa hiyo angalia, Bwana Mkubwa asije akakufanya mama yake! Natania. Mbebe tu.

Mdogo wako,
Mwalimu


2 Mei

Mwalimu,

Kitambaa hicho. Amenenepa, mikono imeingia mikunjo. Kliniki wanasema tunafanana.

Dobi


10 Mei

Dada,

Kitambaa kimefika kimefuliwa! Si kufuliwa tu, kimetiwa buluu ya kung'arishia na kupigwa pasi, pembe nne zimekaa sawasawa kama za shuka la bwana harusi. Nimekicheka mpaka Sista amekuja kuangalia. Mkono wako umezoea, ukiona doa unakwenda wenyewe.

Ila nikakinusa, dada, ni sabuni ya mche. Nimetafuta kila kona. Nikakamua bila yeye na maziwa hayakufunika hata kitako cha bakuli. Nitumie kingine, kichafu. Mwambie shemeji ndiye akifunge kama wewe huwezi kujizuia.

Na "tunafanana" maana yake nini? Ulimwambia yule wa kliniki kwamba wewe ni dada yangu?

Mwalimu


24 Mei

Mdogo wangu,

Samahani, ni mazoea. Kingine hiki hapa. Mwanao hajambo.

Dobi


3 Juni

Dada,

Sabuni tena.

Safari hii sikucheka. Nimekaa kitandani nimejifunika nacho usoni, navuta pumzi kama mtu anayezama, napata sabuni na pasi. Maziwa yamekuwa matone. Leo asubuhi nimekamua upande wa kushoto hadi ngozi imechubuka, nikapata kiasi cha kulowesha kidole. Bibi wa kitanda cha pili ameniambia niache, nijihurumie. Nimemjibu vibaya, mtu mzima wa watu.

Niambie nimekukosea nini. Nilikuomba kitu ambacho mtu mvivu kuliko wote angekifanya kwa kutofanya chochote. Kitambaa hakihitaji kazi, dada! Kinahitaji uache mikono yako tuli. Nimekueleza kwa nini, nimekueleza kila kitu kinavyotokea ubongoni, huwezi kusema hukuelewa. Labda yupo mgonjwa na hutaki nijue. Labda amekufa. Kila nikifumba macho nakuona unafua nguo zake zote kwa sababu hakuna tena wa kuzivaa. Kama amekufa niandikie hilo neno moja, nitalibeba. Hili la sabuni siliwezi.

Nakupigia magoti.

Mdogo wako


12 Juni

Kwa dada yake Mwalimu,

Salamu. Hunifahamu. Mimi ndiye Sista wa wodi aliyolazwa mdogo wako. Si kawaida yangu kuingia katika mambo ya ndugu, na yeye hajui kama nimeandika.

Hali yake si nzuri. Vidonge anavyopaswa kumeza ni vingi na vichungu, na mgonjwa humeza akiwa na sababu. Tangu vile vitambaa viwili vilivyofuliwa, ameanza kuvitazama vidonge bila kuvigusa. Juzi nilimkuta amevificha chini ya mto. Akiacha dawa hizi katikati, zitakazobaki ni chache na ni kali zaidi.

Labda huko nyumbani mnaona ni upuuzi, mtu mzima kulilia kitambaa. Si upuuzi. Ubongo wa mama aliyejifungua umefunguliwa kwa ajili ya harufu moja. Akiipata, oksitosini hutoka, maziwa hushuka, na hofu nayo hupungua. Akiikosa, mwili hudhani mtoto hayupo na hufunga duka. Kitambaa kisafi kwake hakina habari yoyote.

Kama unaogopa kumwambukiza mtoto kwa vitu vinavyotoka huku, nilishamwambia akuandikie kwamba nguo hazina hatari. Na kama mtoto amepatwa na jambo, niambie mimi. Nitajua namna ya kumwambia.

Tafadhali, usikifue.

Sista wa wodi


20 Juni

Mwalimu,

Mtoto mzima. Kitambaa hiki sijakifua.

Dobi


25 Juni

Dada,

Nimeufungua mfuko mbele ya Sista. Niliogopa kukinusa peke yangu.

Yumo. Shingo yake imo, utosi umo. Yu hai, nilijua papo hapo, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Halafu nikavuta pumzi ya pili.

Mimi nimemnyonyesha mtoto, dada. Maziwa ya kopo yakichacha kwenye kitambaa najua yananukaje. Haya hayakutoka kwenye kopo. Ni maziwa ya mtu. Na humo ndani kuna jasho ninalolijua tangu tulipokuwa tunalala shuka moja, jasho na mvuke wa pasi.

Ndiyo maana uliniambia nisiulizie makopo. Ndiyo maana mnafanana. Ndiyo maana sabuni.

Unajua kilichoniuma kuliko vyote? Maziwa yalishuka. Nimekaa pale nimeshika harufu ya kifua chako na mwili wangu ukajibu kama umeitwa na mwanangu. Haukuuliza kitu. Nililia kwa hasira na huku nakamua, Sista amenishikia bakuli.

Umemnyonyesha mwanangu na ukanikausha mimi. Nilikufundisha kwa mkono wangu, kwenye karatasi hizi, jinsi maziwa yanavyokuja na jinsi yanavyokata, na wewe ukayatumia yote mawili. Darasa zima miaka yote halijawahi kuwa na mwanafunzi kama wewe.

Sitaki samahani. Nataka kujua ulikuwa unawaza nini ulipokuwa unakiloweka.

Mama yake


2 Julai

Mdogo wangu,

Umeuliza, nakujibu.

Nilifanya ulivyosema. Nilifunga mlango wa chumba cha pasi, nikafungua blauzi, nikamlaza. Siku ya kwanza alilia kidogo akalala. Siku ya pili akaanza kujikokota kwa kidevu, hivi, mdomo wazi, akaipata chuchu. Sikumpa. Alichukua. Hakukuwa na kitu mle, kifua kikavu, lakini alinyamaza. Mwalimu, alinyamaza! Ukimya ule wa kwanza ulinitia hofu, nikamshika pua kuona kama anapumua. Kisha nikachukua maziwa ya kopo nikawa nayadondosha kwa kijiko juu ya ziwa, yanateremka hadi mdomoni mwake, ananyonya na kumeza. Ndivyo alivyokubali kula. Angeendelea vile nilivyokuandikia mwanzo, ungerudi ukute kaburi.

Kisha siku moja niko uani naanika, mashuka yapo kwenye kamba, nikamsikia ndani anaamka. Blauzi ikalowa. Mbele ya watu. Nilisimama na vibanio mdomoni sijui niende wapi. Shemeji yako aliona. Alirudi karakanani, na jioni akatoka na kile kitanda alichomchongea mtoto wetu mwaka jana, kile alichokifunika kwa magunia, amekipiga randa upya.

Mwaka jana maziwa yalikuja hivyo hivyo na hapakuwa na mtoto. Hayakuwa na habari kwamba amekufa. Nilijifunga kifua kwa shuka la mteja, nikakaza, nikasubiri yakauke, na wewe ulikuja kunikazia fundo la nyuma. Unakumbuka. Sasa yamerudi na mwenye kuyanywa yupo, ananitazama machoni, ameshika kidole changu. Hiyo homoni yako haikuniomba ruhusa.

Kati ya vile viwili, cha kwanza nilikifua kwa aibu, maana kilinuka mimi, ungejua. Cha pili nilikifua nikijua. Barua yako nilikuwa nimeisoma, nimeelewa kila neno. Nilisema moyoni, yakikata huko, atarudi hana kitu cha kumpa, ataona heri abaki hapa. Ndicho nilichokuwa nawaza. Nilisugua hadi vidole vikachubuka, kama kuna doa. Hata gauni lako nililichemsha siku lilipofika, nikajiambia ni kwa ajili ya ugonjwa, wakati ulishaandika kwamba halina ugonjwa.

Kumnyonyesha sikuombi msamaha. Kwa vitambaa nakuomba, na usiponipa nitaelewa.

Sasa amua wewe. Ukisema nimwachishe, nitamwachisha. Nitajifunga tena kifua, safari hii sina wa kunikazia fundo. Atalia, nami nitalia, lakini nitafanya. Sema tu, na umeze dawa. Nakuomba umeze dawa. Nina uwezo wa kuishi ukiwa umenichukia. Ukifa siwezi.

Dada yako


30 Julai

Dada,

Nimekuandikia mara nyingi nikachana. Dereva wa mikate, yule asiyetaka kuulizwa, ameanza kuniuliza yeye kama leo kuna kitu.

Nakupa habari zangu kwanza. Vidudu bado vimo. Wamenibadilishia dawa, hizi mpya zinanipigia kengele masikioni siku nzima, na daktari hasemi tena nitatoka lini. Nameza. Sista anasimama mbele yangu hadi nifungue kinywa aone. Nameza zote.

Maziwa yamekata. Baada ya ile siku ya kitambaa yalitoka mara chache, kisha nikikinusa hasira inatangulia, na mpakuaji akiona hasira anarudi ndani. Sasa kifua ni laini, hakiumi. Nilijua ni mwisho kwa sababu hakiumi. Bibi wa kitanda cha pili alikaa nami, nikamwomba radhi kwa yale maneno.

Sijakusamehe. Nimejaribu, haiji. Nikikumbuka buluu na zile pembe nne, nachana tena karatasi. Lakini nimekaa na swali lako wiki zote hizi na kila nikitaka kuandika "mwachishe" namwona anatema chupa, anakuwa wa zambarau. Nilichokuwa nakitaka ni kwamba anayemnyonyesha niwe mimi. Anachokitaka yeye ni kuwa hai, ashikwe, anyamaze. Mwili wake umeshakuchagua na hauna kosa, ndivyo ulivyoundwa, mimi mwenyewe ndiye niliyefundisha hivyo.

Usimwachishe. Mnyonyeshe hadi mwenyewe achoke.

Ila nakuomba jambo moja na hapo usibadilishe hata neno, dada. Ukiwa naye usijiite mama. Jiite mama mkubwa. Ni haki yako, ndivyo ulivyo kwake tangu alipozaliwa, hakuna atakayekunyang'anya. Lakini hilo "mkubwa" usilimeze. Litamke kila siku, ukimbadilisha nepi, ukimwogesha, akiwa kifuani. Akianza kuelewa maneno ajiulize, kama huyu ndiye mkubwa, yuko wapi mwenzake? Mnibakishie hapo tu.

Mwalimu


8 Agosti

Mdogo wangu,

Leo sikufua. Nimewaambia wateja maji yamekatika, na huku bomba linatiririka mbele ya macho yao. Mzee wa mahakamani amesimama mlangoni na shati lake mkononi, akaniangalia, akaangalia bomba, akaondoka.

Nimekaa na Bwana Mkubwa tangu asubuhi namwambia. Mama mkubwa anakufunga nepi. Mama mkubwa anakupa ziwa. Mara ya kwanza ulimi uligoma, nilitamka "mama" nikakwama hapo. Nikarudia. Shemeji yako alikuwa anasikia, akaja akakaa nasi, na yeye akaanza, "Nenda kwa mama mkubwa." Mtoto hajui maana. Mimi najua, na imenikata.

Nilikwenda kulitoa lile gauni lako kabatini. Nimelinusa lote, kola, mapindo, hata kwapani. Hakuna kitu. Nilifanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na sasa nalia juu yake. Nikamlaza juu yake hivyo hivyo, amelala kama anavyolala juu ya kitambaa chochote.

Kwa hiyo nitumie jingine. Lile unalolalia sasa hivi, usitafute zuri. Kaa nalo kwanza siku nyingi. Litolee jasho, lililie, likae nawe unapomeza vile vidonge. Kisha lifunge kwenye mfuko umpe dereva.

Kitambaa chake kimo humu. Kichafu.

Na hilo gauni, mdogo wangu, nakusihi, usilifue.

Mama yake mkubwa